Hali ya Hewa Ina Wenyewe

Askari hachagui mahali pa kulala. Barua ya uhamisho ikishafika, mizigo hufungwa, watoto huondolewa shuleni katikati ya muhula, na jamaa nzima hujikuta chini ya anga isiyoijua. Mume hupokewa na mkubwa wake wa kazi, naye huonyeshwa kanuni zilizoandikwa. Mke na watoto wao hukabidhiwa jambo lisilo na kanuni iliyoandikwa popote, nalo ni hali ya hewa ya mahali papya. Jua, mvua, ukungu, vumbi, mbu na radi huwafikia kabla jirani hajaja kuwapa pole ya safari.

Uganda si nchi kubwa, lakini hewa zake ni nyingi. Upande wa magharibi, juu ya milima ya Rwenzori, ipo theluji karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ingawa barafu yake inazidi kupungua mwaka hata mwaka. Kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Kusini-magharibi, katika vilima vya Kabale, watu hulala kwa mablanketi mazito na kuamka katika ukungu. Kaskazini-mashariki iko Karamoja, nchi ya jua na vumbi, ambako mvua huja kwa kubahatisha.

Kampala haimo katika orodha ya mahali pa taabu. Wageni wengi huisifu kuwa bustani. Mji huu uko karibu na Ikweta, lakini kwa kuwa umeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto lake la mchana aghalabu halipiti digrii 30. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka. Hata miezi iliyobaki haikosi manyunyu. Mtu atokaye penye ukame huona migomba imesitawi nyuma ya kila nyumba, akadhani ameingia peponi. Hapo ndipo penye mtego. Baridi kali humlazimisha mtu kuvaa koti, na jua kali humtafutisha kivuli. Bali hewa inayobembeleza haimwambii mgeni ajihadhari.

Mke wa koplo mmoja wa polisi, mzaliwa wa Kabale, aliingia Kampala na watoto watatu wakati mvua za Machi zilipokuwa zikianza. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mumewe alipanga vyumba viwili huko Bwaise, bondeni, mahali ambapo kodi ilikuwa nafuu kwa mshahara wake. Jioni ya kwanza mama huyo aliona joto kupita kiasi. Akafungua madirisha yote, akauacha na mlango wazi hadi usiku, ili upepo uwapoze watoto. Kwao Kabale, adui wa mtoto usiku ni baridi. Malaria haikuwa imezoeleka katika vilima vile. Ilipotokea ilikuja kama mlipuko katika miaka ya joto na mvua nyingi, kama ilivyokuwa mwaka 1998. Watoto waliokulia huko huwa hawana kinga iliyojengeka mwilini, wala wazazi wao hawana mazoea ya kukihofu kilio cha mbu.

Wiki ya tatu kitinda mimba alishikwa na homa. Saa nane za usiku mwili wake ulianza kukakamaa na macho yakageuka. Mama alimfunga kifuani, akapanda pikipiki ya boda boda katika giza, akafika hospitali mtoto akiwa hana fahamu. Siku tatu alikaa kitandani pa mtoto, akitazama dawa ikitiririka tone baada ya tone. Siku ya nne mtoto aliomba uji.

Waliporudi nyumbani, alikuja kuwatazama bibi mmoja wa Kiganda, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Jjajja. Mama alipiga magoti kumwamkia kama ilivyo adabu, kisha akamwuliza lile lililokuwa likimkereketa moyoni.

"Jjajja, ni hewa ya hapa inayotaka kuniulia mtoto?"

"Si hewa, mwanangu. Hewa yetu ni njema. Ni dirisha lako."

Bibi hakumsimanga. Alimwonyesha tu jinsi wenyeji wanavyoishi: madirisha hufungwa jua likianza kulegea, kabla mbu hawajaamka, chandarua hushushwa mapema na pindo zake kuchomekwa chini ya godoro, makopo na vifuu vilivyoshika maji uani humwagwa kila asubuhi. Joto la jioni huvumiliwa kwa saa mbili tatu, kwani usiku wa Kampala hupoa wenyewe. Haya yalikuwa mambo madogo, wala hayakuhitaji fedha nyingi. Mama wa Kabale hakuyajua kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa amemwuliza mtu.

Fundisho la pili lilihusu maji, nalo halieleweki bila kujua namna Kampala ilivyokaa. Mji huu ni wa vilima na mabonde. Tangu zamani wenye uwezo walijenga juu. Kabaka alikuwa Mengo. Makanisa makubwa yalisimama Namirembe na Lubaga. Naye Lugard alipofika Desemba 1890 aliweka ngome yake juu ya kilima kinachoitwa sasa Kampala Kongwe. Mabonde yaliachiwa mafunjo. Mafunjo hayo hayakuwa pori la bure. Yalikuwa yakiyapokea maji ya mvua kutoka vilimani, yakiyashika kama sifongo, kisha yakiyaachia polepole kuelekea ziwani upande mmoja na kuelekea kinamasi cha Lubigi upande mwingine.

Mji ulipokua, watu wa kipato kidogo walishuka mabondeni, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki nafasi. Mafunjo yalifyekwa, udongo ukajazwa, nyumba zikasimama. Huko juu nako, mabati ya mapaa na lami ya barabara vilichukua mahali pa bustani, hata tone la mvua likakosa pa kuzama. Basi mvua ya saa moja inayonyesha juu ya vilima vya Makerere na Mulago hushuka yote kwa pamoja. Ikikuta mitaro imezibwa na taka na mifuko ya plastiki, ambayo Kampala huitwa kaveera, huingia majumbani.

Ndiyo maana Jjajja alimwambia mama yule neno lililomshangaza. "Mwanangu, usitazame wingu lililo juu yako. Tazama kilima cha Makerere. Kikifunikwa, panda kitandani na watoto, hata kama hapa jua linawaka. Maji ya Bwaise hayabishi hodi."

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Lakini katika bonde, mawingu yenyewe huwa juu ya kichwa cha mtu mwingine. Wenyeji wa Bwaise wameijengea elimu hiyo nyumba zao. Kizingiti cha mlango huinuliwa kwa matofali na saruji mpaka mtoto mdogo ashindwe kukivuka. Vitanda huegemezwa juu ya matofali. Vyoo hujengwa juu ya ardhi, vikapandwa kwa ngazi, kwani shimo likichimbwa hujaa maji kabla ya kutumika. Vyeti vya shule, kadi za kliniki na barua za kazi hutiwa katika mfuko usiopitisha maji, ukaning'inizwa kwenye boriti za paa.

Maji yalipoingia kwa mara ya kwanza, katikati ya usiku wa Aprili, yalimkuta mama wa Kabale akiwa tayari. Yalifika magotini. Watoto watatu walikaa juu ya kitanda kilichoinuliwa, wamejifunika blanketi, wakiyahesabu masufuria yaliyokuwa yakielea. Mume alikuwa zamu. Hakuna aliyedhurika. Asubuhi Jjajja alikuja amepandisha gomesi yake hadi magotini, akauliza jambo moja tu: "Maji ya kunywa mmechemsha?"

Swali hilo lilikuwa na historia. Mvua za El Niño zilipomiminika mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kiliingia Kampala na kuendelea mwaka 1998, kikawaugua watu kwa maelfu, nayo mitaa ya mabondeni iliumia kuliko mingine. Mafuriko huvifunua vyoo, yakachanganya uchafu wake na maji ya chemchemi ambayo watu wengi huyateka kwa kuwa hayalipiwi. Maji ya chemchemi hung'aa, mtu akayaona safi. Aliyeishi miaka ile hayaamini mpaka yamechemka.

Tena, si mabondeni tu ambako mvua ya Kampala huua. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lile jalala kubwa la Kiteezi, kaskazini mwa mji, liliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010 udongo ulioloa uliteremka juu ya kijiji cha Nametsi ukawaua watu wengi, na askari walipelekwa kusaidia kuwafukua. Mahali hapo pawili hapafanani, lakini kilichotokea ni kimoja: maji yaliingia ndani ya kitu kilichorundikana juu ya mteremko, yakakilegeza, kikaanguka juu ya waliolala chini yake. Mwenye nyumba chini ya mteremko hana budi kutazama nyufa mpya za ardhi na miti iliyoanza kuinama, akatoa taarifa na kuwaondoa watoto mapema.

Baada ya mwaka mmoja na nusu yule koplo alipewa nyumba kambini. Ilikuwa ni ile nyumba ya duara ya bati ambayo jamaa za polisi wanaijua vema, iitwayo yunipoti. Mama alishukuru kuyaacha mafuriko, lakini punde akagundua kuwa amehamia hewa nyingine ndani ya mji ule ule. Bati hushika joto upesi na kulipoteza upesi. Saa saba mchana ndani palikuwa kama tanuri, na saa kumi alfajiri palikuwa baridi. Akina mama waliomtangulia walikuwa wamekwisha tafuta njia. Walipika nje, chini ya kibanda cha turubai. Mchana walifungua mlango na kila tundu, wakawalaza watoto wachanga kivulini chini ya mwembe, wakawanyonyesha mara kwa mara. Usiku wa mvua, baridi ilipowabana, walikatazana kabisa kuingiza sigiri yenye makaa ndani na kufunga mlango. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala humo huenda asiamke. Mama wa Kabale alilisikia neno hilo kwa makini, kwani kwao wapo waliozikwa kwa ajili ya kuota moto hivyo.

Hapo kambini ndipo alipojifunza pia habari ya radi. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ndilo mpishi wa mawingu ya Kampala. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani, ukibeba unyevu, nao ukipanda juu hugeuka wingu la radi la alasiri. Usiku nchi hupoa, upepo hugeuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji, na radi huunguruma huko hadi alfajiri, nyakati nyingine ikaufikia mji asubuhi watoto wakienda shule. Ukanda huu mzima ni wa radi. Huko Tororo, kati ya mwaka 1967 na 1976, ngurumo zilisikika kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, idadi iliyoingia katika vitabu vya rekodi za dunia.

Kwa kuwa radi ni ya kila siku, watu huizoea, na mazoea hayo ni hatari. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi iliwaua wanafunzi 18 kwa mpigo mmoja. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, iliwaua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Kivuli cha mti au kibanda kisicho na kuta humkinga mtu na matone, lakini hakimkingi na radi. Ngurumo ikisikika, watoto waondoke uwanja wa mpira na waingie jengo imara lenye kuta, au gari lililofungwa, wakae humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ndipo uhamisho mwingine ulipofika: Moroto, Karamoja. Mama alilia siku nzima. Watoto walikuwa wamezoea shule, naye alikwisha kuijua hewa ya Kampala kama anavyoujua uso wa mumewe. Hata hivyo safari hii hakusubiri mtoto augue. Siku ya pili baada ya kufika, kabla hata ya kufungua masanduku yote, alimwendea mama mmoja wa Kikaramojong aliyekuwa akiuza maziwa karibu na kambi, akamwomba amweleze watu wanaishije hapo.

Alielezwa mengi. Mvua ya Karamoja ina msimu mmoja, nao haukuaminika kamwe. Wazee hawajaisahau njaa kubwa ya mwaka 1980. Maji ya kuogea mtoto humwagiliwa mboga. Kazi nzito humalizwa kabla ya saa nne asubuhi. Wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mito iliyokauka na kupata maji chini yake. Lakini msimu wa mvua ukianza, mito hiyo hiyo ya mchanga ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu mvua ikinyesha mlimani Moroto, maji hushuka kama ukuta katika mkondo uliokuwa mkavu dakika chache kabla.

Mama alicheka kidogo, yule muuza maziwa akamwuliza sababu. "Kwetu Bwaise ni hivyo hivyo," akajibu. Yeye mzaliwa wa Kabale alikuwa ameiita Bwaise kwao.

Mwezi wa Mei, alasiri moja ya jua kali, watoto wa kambi walikuwa wakicheza katika mkondo wa mchanga, na miongoni mwao yule kitinda mimba aliyeponea malaria. Hapakuwa na wingu juu ya vichwa vyao. Mama alikuwa akianua nguo. Aliinua macho, akaona kilele cha mlima kimefunikwa na weusi. Aliitupa kapu ya nguo, akakimbia akipiga kelele, akawatoa watoto wote mchangani, wengine kwa kuwavuta mikono. Akina mama wengine walidhani amepatwa na jambo. Haikupita muda mrefu, maji mekundu yakapita pale watoto walipokuwa wamejenga vijumba vyao vya mchanga, yakibeba mti mzima na mizizi yake.

Kisa kingine kinawahusu hasa askari waendao peke yao. Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu mwezi Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa kikosi hicho cha Umoja wa Afrika walivimba miguu, wengine wakakosa pumzi, na wasiopungua wanne walikufa. Katika mji wa joto kali na vita, mtu angeweza kulaumu jua au mdudu fulani wa pwani. Wachunguzi waligundua kwamba ni beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo thiamini katika chakula. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu. Hewa ilikuwa mbaya kweli, lakini kilichokosekana kilikuwa ndani ya sahani. Askari aliye mbali na nyumbani akumbuke maharagwe, karanga, na nafaka isiyokobolewa kila apatapo nafasi. Na aonapo uvimbe miguuni asione haya kumwendea daktari.

Si kila jambo liko mikononi mwa mama wa nyumba. Jamaa hawahamii bondeni kwa kupenda maji. Huko ndiko mshahara unakofika. Mitaro isipozibuliwa na wenye dhamana, na kinamasi kikiendelea kujazwa udongo, kizingiti kitainuliwa kila mwaka na maji yataendelea kukipita. Mkazi ana haki ya kulidai hilo. Lakini mvua ya usiku wa leo haingojei mtaro wa mwaka ujao, na mtoto aliyelala leo anahitaji chandarua leo.

Basi, familia ya askari inapofika mahali papya, masanduku yaweza kungoja. Kwanza atafutwe mkongwe wa mahali pale, aamkiwe kwa heshima ya kwao, aulizwe maswali manne: maji hutoka wapi na hupita wapi, ni ugonjwa gani huwapata watoto wageni, ni miezi gani ya kuogopwa, na wenyeji hufanya nini usiku. Kuuliza si ujinga. Mvua haimpigii saluti ofisa wala kumhurumia kuruta, lakini kila mvua ina watu walioiishi miaka mingi, nao aghalabu huwa tayari kusema, mradi wapate wa kuwauliza.